VIFUNGO VYA KOTI MNAVIJUA, WAPAGAZI MMEWAWEKA WAPI?

Haya wadau, leo ubuyu wetu hauna msanii aliyeachika wala mrembo aliyeposti gari la kukodi. Leo tunaenda Uingereza na Marekani, kwa wanaume wazima wenye mvi zao wanaomaliza wikiendi nzima wakipigana vita juu ya meza. Tulia, usiondoke. Tunaanzia mbali ila tunakuja kushukia Kariakoo.

Kwa asiyejua, mchezo wenyewe uko hivi. Unanunua vijisanamu vya askari, vya chuma au plastiki. Vingine vina kimo cha milimita 28, vingine 15 tu. Unavipaka rangi mwenyewe kwa brashi nyembamba kama ya kuchorea kope, kimoja kimoja, miezi na miezi. Unavipanga mezani penye vilima, miti na nyumba ndogo za kutengeneza kwa mkono. Hatua za jeshi unapima kwa tepu, risasi imempata nani unarusha dadu. Kwenye mashindano, Jumamosi unapiga mechi kama tatu, Jumapili unamalizia. Aliyeshinda anakutanishwa na aliyeshinda, jioni watu wanapeana kombe. Kuna mpaka zawadi ya jeshi lililopakwa rangi vizuri kuliko yote.

Na hawachezi vita vya kubuni. Hawa ninaowasema leo wanacheza historia: Warumi, Napoleon, Hitler na wenzake. Kila jeshi linapewa pointi. Askari mzoefu ana bei yake, kuruta bei yake, bunduki ya rashasha bei yake. Mnaanza mkiwa na pointi sawa, akili ndiyo inaamua.

Najua kuna watu hapo chini wameshaanza, "wazungu hawana kazi". Acheni hizo. Wewe juzi umekesha unaua watu kwenye simu, bando limeisha, kesho umechelewa kazini, leo unamcheka mtu aliyekaa miezi sita akijifunza kupaka rangi uso wenye ukubwa wa punje ya mchele? Huyo ana subira kukuzidi. Tena mchezo huu una ukoo mrefu. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, ndiyo sehemu ya Ujerumani ya leo, lilikuwa linafundisha maofisa wake vita kwa dadu na ramani. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H.G. Wells akatoa kitabu, Little Wars, cha kufundisha watu wa kawaida kucheza na askari wa kuchezea. Mwaka mmoja tu mbele, vita vya kweli vikalipuka Ulaya, na kabla 1914 haijaisha vikawa vimefika Tanga.

Hapo kwenye Tanga ndipo povu langu linapoanzia.

Kuna bwana mmoja namuita Jenerali wa Jumamosi. Jina simtaji, maana siyo mmoja, wako wengi na wanajijua. Huyu ni yule anayeijua Vita Kuu ya Kwanza kama wewe unavyomjua ex wako. Ukimuwekea askari wa Kijerumani mwenye koti la rangi siyo, anakuandikia aya nne. Atakwambia vifungo vilikuwa vingapi, mkanda ulikuwa wa ngozi gani, kofia ilivaliwa vipi na mwaka gani ikabadilishwa. Akikosea kifungo hapati usingizi.

Sasa mpe huyo Jenerali meza ya Tanga. Novemba 1914, Waingereza wanashusha watu kama 8,000 kutoka India, upande wa Wajerumani wapo kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, chini ya von Lettow-Vorbeck. Waingereza wakapigwa vibaya wakarudi melini, wakaacha nyuma bunduki, rashasha na risasi laki kadhaa. Katikati ya mapigano nyuki wakachokozeka, wakawang'ata wote bila kuuliza uraia. Hicho kisa cha nyuki wachezaji wanakipenda balaa. Kwenye meza ya Tanga usishangae kukuta nyuki wana kijisanamu chao na sheria yao kabisa: ukipata namba fulani kwenye dadu, kikosi kinakimbia.

Nyuki wana sheria. Mpagazi hana.

Ngoja niwachane taratibu. Vita vya Afrika Mashariki vilianza 1914 vikaisha Novemba 1918, na havikubebwa na magari wala farasi. Mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu. Barabara hazikuwepo, reli zilikuwa chache. Kila kitu kilipita begani na kichwani mwa mtu: mahindi, risasi, mahema, dawa, vipande vya mizinga, mpaka viti na mvinyo wa maofisa. Mzigo wa karibu kilo 25, jua, mvua, siku baada ya siku, chakula kidogo na mara nyingi kigeni kwa tumbo lake. Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi kadhaa. Wengi hawakujiandikisha kwa hiari, walikamatwa vijijini. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria waliokufa ni karibu laki moja, na sehemu kubwa haikuuawa na risasi. Iliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu.

Rudia kusoma. Karibu laki moja. Hao ni wengi kuliko askari waliokufa kwenye vita hivyo, na kwenye mchezo wa Jumamosi thamani yao ni pointi sifuri.

Msiniambie vijisanamu vyao havipo. Vipo, vinauzwa, tena vimechongwa vizuri tu, mzigo kichwani. Tatizo ni kazi wanayopewa. Wanawekwa pembeni ya meza kama mapambo, karibu na mbuyu wa plastiki, ili picha itoke na "ladha ya Afrika". Hawasogei, hawachoki, hawali, hawafi. Jeshi linatembea mechi nzima bila kuuliza nani amebeba risasi inazopiga.

Mimi sigombi kwa sababu ya huruma tu. Nagomba kwa sababu mchezo unadanganya. Chukua huyo huyo von Lettow-Vorbeck, kipenzi cha Majenerali wa Jumamosi. Alijisalimisha tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, leo panaitwa Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Basi wanamsifia, "hakushindwa, alikuwa fundi". Ufundi wenyewe ulikuwa nini? Kukimbia na kupiga, kupiga na kukimbia, miaka minne, akila chakula cha wanavijiji na kubebewa na watu waliochukuliwa kwa nguvu. Waingereza nao wakimfukuza kwa njia ile ile. Ghala la mkulima likabebwa, ng'ombe wakabebwa, vijana wa kulima wakabebwa, kisha ukame ukaja juu yake. Wagogo waliipa jina njaa iliyofuata, ya 1917 mpaka 1920: Mtunya. Sasa ukiondoa mabega na maghala mezani, umebaki na nini? Umebaki na mzungu mjanja na dadu. Hiyo siyo historia, hiyo ni kumpa mtu kiki miaka mia moja baada ya vita.

Najua utetezi unaokuja. Wa kwanza: "Ni mchezo tu, dada yangu, kaka yangu, punguza hasira." Sawa. Kama ni mchezo tu, mbona kifungo kilichokosewa kinakunyima usingizi? Huwezi kuwa mtu wa usahihi kwenye koti, ukifika kwenye watu unageuka mtu wa "tusichukulie siriasi". Chagua moja.

Wa pili: "Mchezo ungekuwa mzito, nani anataka kuhesabu magunia wikiendi?" Huu ndio unaonichekesha. Kuna mchezo wenu wenyewe unaitwa De Bellis Antiquitatis, ulitoka 1990, wa vita vya zamani, Warumi na wenzao. Ni mchezo mwepesi kabisa, kila jeshi lina vipande 12 tu na mechi inaweza kuisha ndani ya saa moja. Na humo ndani jeshi lina kambi. Adui akiiteka kambi yako inahesabiwa kama hasara, unaweza kupoteza mechi nzima kwa kuacha mizigo bila mlinzi. Kwa hiyo Mrumi wa miaka elfu mbili iliyopita mnakumbuka kwamba alikuwa na mizigo. Mkamba, Mnyamwezi, Msukuma wa juzi tu, ambaye yeye ndiye aliyekuwa gari, mnasahau. Siyo kwamba hamjui kutunga sheria. Hamkutaka.

Na wala si ngumu, nawatungia hapa hapa bure. Kila rashasha iwe na wapagazi wake. Kila zamu rusha dadu: mvua, homa, chakula kimepungua. Wapagazi wakipungua, rashasha haisogei. Unataka kusogea? Chukua watu wa kijiji kilicho mezani, lakini kila ukichukua, pointi zinakatwa kwako na kijiji kinakuwa na njaa mechi inayofuata. Mwisho wa siku tusihesabu tu nani ameteka kilima, tuhesabu umemaliza watu wangapi kukifikia. Huo mchezo mgumu, unafikirisha, na ukishinda humo kweli una akili. Tuone Jenerali wa Jumamosi atabeba kombe mara ngapi.

Wa tatu ndio wenye sumu: "Hakuna kumbukumbu zao, tungewawekaje?" Kweli, majina mengi hayapo. Ila hayakupotea kama funguo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba kuna marehemu wa vita vile wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, ambao hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Yaani kuna watu ofisini waliamua nani ana hadhi ya kuandikwa kwenye jiwe na nani hana. Unapowaacha nje ya meza leo kwa sababu "hawana kumbukumbu", unaendeleza uamuzi ule ule, tofauti ni kwamba wewe unatumia brashi.

Na sisi huku tusijifanye tumepona. Pale Posta, Dar es Salaam, kwenye mzunguko, amesimama askari wa shaba tangu 1927, bunduki mbele. Mnapiga naye selfie. Yuko peke yake. Nairobi kuna sanamu ya wakati huo huo yenye watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi wa Dar wetu yuko wapi? Yuko kwenye jina. Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wabeba mizigo, jina lililokaa kwenye midomo yetu likalainika mpaka likawa la Kiswahili. Kariokor ya Nairobi hivyo hivyo. Kila ukisema "nashuka Kariakoo kuchukua mzigo", unawataja. Unakanyaga palipokuwa kambi yao, ukiwa umebeba mzigo, na mtu akikuuliza jina limetokea wapi unasema ni jina tu la soko.

Kwa hiyo hasira zangu kwa Jenerali wa Jumamosi zina sababu. Yeye anaijua Tanga, anaweza kukuchorea ramani yake usiku bila taa. Anakaa nayo wikiendi nzima. Mtu anayejua kiasi hicho hana pa kujificha. Na wewe mdau mwenye kipaji cha kuchonga, kuchora au kutengeneza gemu za simu, usisubiri mtu wa London akutengenezee babu yako wa milimita 28. Vita vilipiganwa hapa, mtunge hapa.

Mpagazi mmoja, pointi moja. Tuanzie hapo tu, mengine tutabishana mbele.

Povu ruksa, shukeni chini. Ila kabla hujaandika "ni mchezo tu", muulize kwanza mzee yeyote kwenu, kwenye ukoo wenu nani alichukuliwa kubeba mizigo akarudi. Halafu uliza ambaye hakurudi.