Ufunguo Wako Unaweza Kuigwa na Nani?

Mteja wetu, ukipita Kawangware au Kangemi jioni utaona mawakala wakifunga duka kwa kufuli mbili, wengine hata tatu. Tunawaelewa. Ndani kuna pesa taslimu, simu ya kazi na riziki ya nyumba nzima. Wakala akitaka kuimarisha mlango zaidi, swali linalokuja ni hili: kitasa cha sumaku kinafaa ama ni kupoteza hela?

Maoni yetu ni kwamba kinafaa, lakini kabla hujanunua, elewa kwanza nguvu yake inatoka wapi. Ukishaelewa, utaiangalia pia namba ya siri ya simu yako kwa jicho lingine.

Kitasa cha kawaida

Ndani ya kitasa tulichozoea kuna silinda ndogo inayozunguka. Pini kadhaa zimepangwa mstari, na kila pini imekatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Bila ufunguo, pini hizo zinaizuia silinda isizunguke. Ukiingiza ufunguo sahihi, kila jino linainua pini yake kwa kimo chake hasa, mikato yote inalingana na ukingo wa silinda, na mlango unafunguka. Linus Yale Jr. wa Marekani aliuboresha mtindo huu miaka ya 1860, na hadi leo ndio uko kwenye milango mingi ya Nairobi.

Udhaifu wake uko wazi kabisa: siri yote imechongwa kwenye meno ya ufunguo. Mpe mtu ufunguo wako nusu saa, aende kwa fundi wa funguo pale tao, atarudi na wa pili. Hata picha nzuri ya simu inamtosha fundi mjanja. Na mwizi mwenye waya mwembamba anaweza kuzigusa pini moja moja kupitia tundu la ufunguo, akihisi ipi imekaa.

Sumaku inabadilisha nini?

Kila sumaku ina ncha mbili. Ncha zinazofanana husukumana, zilizo tofauti huvutana. Katika kitasa cha pini za sumaku, ufunguo umefichwa sumaku ndogo ndani yake. Ukiuingiza, kila sumaku ya ufunguo inaisukuma pini inayoikabili mpaka iondoke njiani. Ncha ikigeuzwa hata mahali pamoja tu, pini hiyo inabaki imeziba na silinda haizunguki.

Kuna mitindo migumu zaidi. Kampuni ya EVVA ya Vienna, Austria, hutengeneza kitasa kiitwacho MCS. Ufunguo wake una sumaku 4, na ndani ya kitasa kuna vigurudumu 8 vya sumaku, 4 kila upande. Kila kigurudumu lazima kizunguke hadi kwenye pembe yake. Kimoja kikikosea, mlango haufunguki.

Hapo waya wa mwizi hauna cha kuhisi, kwa sababu sumaku hazihitaji kuguswa ili zisukume. Ukiupiga picha ufunguo, mwelekeo wa sumaku hauonekani. Fundi wa kibanda naye hawezi kuuchonga kwa mashine yake ya kawaida.

Tafadhali usichanganye kitasa hiki na ile milango ya ofisi za Westlands inayofunguka kwa kadi. Mingi ya milango ile inashikiliwa na sumaku ya umeme, na stima ikipotea bila betri ya akiba, inaachilia. Sumaku za kitasa tunachozungumzia ni za kudumu. Hazijui habari za stima.

Lakini hakuna kitasa kinachookoa mlango dhaifu. Kama bawaba zimelegea au ukuta ni mabati, mwenye mtaimbo hatajisumbua na ufunguo. Rekebisha mlango kwanza, kitasa kije baadaye.

Sasa tuje kwenye simu

Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000. Inatosha, kwa sababu anayebahatisha hufungiwa baada ya kukosea mara chache. Lakini ukitumia mwaka wako wa kuzaliwa, umempunguzia mwizi kazi hadi isiyofika namba 100. Na kama kitambulisho kiko kwenye pochi iliyoibwa pamoja na simu, umempunguzia hadi moja.

Ukimtajia mhudumu wa duka namba yako ili akubonyezee, umemkabidhi ufunguo wenye meno. Wakala anayewapa vijana wake wawili namba moja ya kazi amefanya vivyo hivyo. Siku float ikipungua, rekodi haitasema ni nani alibonyeza. Kitasa cha sumaku mlangoni hakitamsaidia hapo, na mara nyingi urafiki au undugu ndio unaoharibika.

Kwa hivyo, fanya haya wiki hii:

- Badilisha namba ya siri kama ni mwaka, 1234, au tarakimu za mwisho za simu yako.
- Bonyeza mwenyewe, na ukinge kwa mkono. Kama huoni vizuri, njoo na mtu wa nyumbani unayemwamini, usimtegemee mgeni.
- Weka PIN ya laini, si ya simu peke yake. Simu ikinyakuliwa kwenye dirisha la matatu, mwizi huhamisha laini kwenye simu nyingine na kupokea ujumbe wako. Uliza kwanza mtandao wako PIN ya mwanzo na PUK, maana ukikosea mara 3 laini hufungwa.
- Wakala, mfanyakazi akiondoka, badilisha namba na kitasa siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

Nasi hatutawahi kukupigia kuuliza namba yako ya siri. Anayeuliza anatafuta ufunguo wa kuchonga.

Ukiwa na pesa ya kitasa cha sumaku, nunua. Ukiwa huna, kuficha namba yako hakugharimu hata shilingi. Kaa rada.