Nusu kaputi na vifupisho: hivi tunakariri nini?

Najua nimepotea, na kuna waliokwisha nitangazia kwamba nimedisko. Bado nipo jamani. Niko kwenye rotesheni ya usingizi, wiki ya 3 sasa, naingia thieta saa 1 asubuhi na kutoka miguu imevimba. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Hasira zenyewe ni za lile desa. Mnalijua, kurasa 2 za mashine ya kupumulia, limepigwa fotokopi mpaka herufi zimegeuka madoa. Vt, RR, PEEP, FiO2, I:E, Ppeak, Pplat. Kila mwaka linarithiwa, watu wanalikariri usiku wa kuamkia mtihani, wanafaulu, wanalipitisha kwa wanaofuata. Mimi mwenyewe nililimeza lote. Nikapata maksi nzuri, tena nikajifanya mwalimu wa wenzangu wawili.

Basi, Jumanne kulikuwa na upasuaji wa goita. Mgonjwa kalala, mpira wa kupumulia uko kooni, mashine imepangwa isukume ujazo uleule kila pumzi. Katikati ya kazi kengele ikaanza kupiga kelele. Naangalia kioo, Ppeak 41, wakati muda si mrefu ilikuwa 17. Daktari wa usingizi akanigeukia: "Dogo, kuna nini?"

Nikafungua mdomo, desa likatiririka lenyewe, kwa Kiingereza safi: presha ya juu kabisa inayofikiwa kwenye njia ya hewa wakati pumzi inaingia. Sikukosea hata neno.

Akasema, "Hiyo ni maana yake. Nimekuuliza kuna nini."

Wakati anasema hivyo alishaitoa mashine kwenye kazi na anakamua mfuko kwa mkono, anasikilizia ugumu wake. Mkono mwingine ukaingia chini ya shuka za upasuaji, ukaufuata mpira mpaka mdomoni. Kichwa kilikuwa kimesogezwa kidogo, mpira ukajikunja. Akaunyoosha, kengele ikanyamaza. "Mpira ulijikunja, hewa ilikosa pa kupita." Basi! Yeyote aliyewahi kumwagilia bustani angeelewa. Mimi, mwenye maksi zangu, nilikuwa nimesimama kama nguzo ya umeme.

Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, akanichorea kwenye leso ya karatasi kitu ambacho desa linakitaja kwa mistari miwili tu. Ile Ppeak ni nguvu inayohitajika hewa ipite kwenye mpira NA kuyatanua mapafu, vyote kwa pamoja. Ukiizuia hewa kidogo pumzi ikishaingia, isiende wala isirudi, namba inashuka na kutulia. Hapo ulipo ni Pplat, presha ya mapafu na kifua peke yake. Sasa tazama: Ppeak ikipanda na Pplat ikabaki palepale, tatizo liko njiani. Mpira umejikunja, makohozi yameziba, mgonjwa anaung'ata, au mirija ya mapafu imebana kama ya mwenye pumu. Zikipanda zote mbili, ni mapafu au kifua kimekuwa kigumu: mpira umezama upande mmoja, hewa imevujia nje ya pafu, tumbo limejaa gesi ya upasuaji wa kamera.

Halafu akaniuliza swali lililonikosesha usingizi. Je, kama mashine ingekuwa imepangwa kwa presha badala ya ujazo? Nikasema kengele ya presha ingelia tu. Akacheka. Isingelia! Ukipanga presha, mashine haivuki hapo. Mpira ukijikunja, presha inabaki nzuri kabisa kwenye kioo, ila hewa inayoingia ndiyo inayopungua, na ujazo ndio wa kuutolea macho. Yaani mgonjwa anakosa pumzi huku namba niliyoikariri inaniambia kila kitu shwari. Hilo, wadau, desa halijalisema popote.

Nikarudi hosteli nikamsimulia mwenzangu wa chumbani. Nikamwambia tuanze kueleweshana haya mambo kwa Kiswahili, kisha ndiyo tubandike vifupisho juu yake. Bwana mkubwa akaja na ule wimbo wa siku zote, kwamba Kiswahili hakijitoshelezi kwa sayansi, eti kitatupotosha.

Kitupotoshe mara ngapi? Hicho Kiingereza cha mashine chenyewe hakijaelewana. Kila mtengenezaji ana majina yake. Kuna BiPAP yenye i ndogo, jina la biashara la mashine ya kumsaidia mtu kupumua kwa barakoa, na kuna BIPAP ya herufi kubwa tupu, jina la mtengenezaji mwingine kwa namna ya kuendesha ventileta. Namna ileile ya kusukuma hewa inabadilishwa jina ukihama chumba cha upasuaji kwenda cha wagonjwa mahututi. Mtu aliyekariri jina anapotea. Aliyeelewa hewa inakwenda vipi anauliza maswali mawili: hapa nimepanga nini, na nini kinafuata chenyewe?

Na Vt nayo tuiseme, maana watu wanakariri "mililita 6 mpaka 8 kwa kilo" na kuishia hapo. Kilo zipi? Si za mizani. Mapafu hayanenepi mtu akinenepa, yanafuata urefu. Mama wa sentimita 160 mwenye kilo 95 anahesabiwa kama mtu wa kilo 52 hivi, kwa hiyo pumzi moja ni kama mililita 310 mpaka 420. Ukimpa 8 kwa kilo za mizani umemsukumia 760! Mwaka 2013 Wafaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 400 waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Waliopewa pumzi kubwa za mililita 10 mpaka 12 kwa kilo, bila PEEP, 27.5% walipata matatizo makubwa. Waliopewa pumzi ndogo za 6 mpaka 8, PEEP, na mapafu yakafunguliwa mara kwa mara, walikuwa 10.5%. Kwa hiyo kujua ni kilo zipi si urembo wa mtihani.

Halafu kuna ndugu wa mgonjwa, ambao hawapo kabisa kwenye desa. Nimemsikia mwenzetu mmoja akimwambia mtoto wa mgonjwa nje ya thieta, "Presha ilipanda kidogo lakini tumeidhibiti." Alimaanisha presha ya njia ya hewa. Yule dada akaanza kulia, mama yake ana presha! Kwa Kiswahili chetu presha ni ugonjwa, kila mtu anajua. Angesema "mpira wa hewa ulijikunja, tumeunyoosha", asingetoa mtu machozi.

Nakubali upande mmoja wa hoja ya mwenzangu. Kengele ikilia, si wakati wa kila mtu kutumia neno alilolitunga bafuni. Kilichoandikwa kwenye kioo ndicho kitajwe, wote wasikie kitu kimoja. Ninachopinga ni kuishia hapo kwenye kioo.

Mwaka 1952 polio ilipoishambulia Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen aliwaonyesha wenzake kwamba waliopooza misuli ya kupumua wanaweza kusukumiwa hewa kwa mfuko, kupitia tundu la kooni. Mashine hazikutosha, wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500, wakakamua mifuko kwa zamu usiku na mchana. Wanafunzi kama sisi! Mkono wao ndio uliokuwa Vt, RR na kengele. Nadhani mfuko ulipokuwa mgumu hawakuanza kutaja maana yake.

Sasa mimi nimeanza daftari langu. Vt ni ujazo wa pumzi moja. I:E ni mgao wa muda: pumzi 10 kwa dakika ni sekunde 6 kila moja, 1:2 ni sekunde 2 za kuingia na 4 za kutoka, na mwenye pumu mwongezee za kutoka, la sivyo hewa inamlundikania. Nimekwama kwenye PEEP. Ni ile presha inayobakizwa mwisho wa pumzi ili mapafu yasisinyae, maana puto lililoishiwa hewa kabisa ndilo gumu kuanza kupuliza. Niliiita "akiba". Mwenzangu wa chumbani akanipinga, akiba ni kiasi cha hewa na hii ni presha. Kwa uchungu mkubwa nakiri yuko sahihi.

Mwenye neno zuri zaidi aniletee. Mimi kesho saa 1 nipo thieta, na safari hii nitasimama upande ule mpira unaonekana.