Sado ya Jumatatu

KIBARAZA CHA WIKI
Na Mama Neema

Anayetaka kuona ukarimu wa Wakristo wa Tanzania asimame nje ya kanisa baada ya ibada, mnada wa sadaka za mazao unapoanza. Mzee wa kanisa anainua mkungu wa ndizi, mmoja anataja bei, mwingine anapandisha. Jogoo wa elfu ishirini anaondoka kwa elfu hamsini, vigelegele juu. Hakuna anayelalamika kwamba amepigwa. Ni mali ya Bwana.

Jumatatu mnunuzi yuleyule anaweza kuwa shambani, ananunua viazi kwa lumbesa.

Kwa asiyewahi kuiona: gunia linajazwa hadi mdomoni, linaungwa wavu juu yake, viazi vinapandishwa mpaka vinatokeza kama kichuguu, halafu linashonwa kwa kamba na kuhesabiwa gunia moja. Sheria inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo mpaka sauti zimekauka. Mzigo ukifika mjini unafunguliwa na kuuzwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne. Sado nyingine zimepashwa moto, kitako kikasukumwa ndani, na viazi vinne vikubwa vikapangwa juu kukuridhisha macho. Wakati wa kununua kipimo kinavimba, wakati wa kuuza kinasinyaa.

Nabii Amosi aliwajua watu hawa karne ya nane kabla ya Kristo. Katika sura ya nane anawataja wafanyabiashara wa Israeli wanaosubiri kwa hamu Sabato iishe wafungue ghala, wapunguze kipimo cha nafaka, waongeze uzito wa jiwe la kupimia fedha, na makapi ya ngano nayo wayauze. Waliishika Sabato, kumbuka. Siku ya ibada hawakuuza kitu. Kumbukumbu la Torati nalo linakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Na majirani zetu Waislamu wana sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, kwa hiyo katika jambo hili tusijione wenye ufunuo wa peke yetu.

Nimeyaleta haya kwa sababu vijana wengi huuliza watayajuaje mapenzi ya Mungu maishani mwao. Ukiwasikiliza, wanaulizia mchumba, kazi, au kama waende Dubai au wabaki. Wanafunga, wanasubiri ndoto, wanamtafuta mtumishi awape neno. Siwacheki, hayo ni mambo mazito. Lakini sijasikia mtu akifunga na kuomba kuhusu mshahara wa dada wa kazi ambao haujalipwa tangu mwezi juzi, au deni la dukani kwa Mangi, ambalo siku hizi mdaiwa anapitia njia ya nyuma kulikwepa. Kuhusu Dubai Biblia iko kimya. Kuhusu ujira wa kibarua imesema waziwazi: alipwe kabla jua halijazama. Tunasubiri sauti pale ambapo tumeachiwa akili zetu, na pale palipokwisha kusemwa tunajifanya hatujasikia.

Wazee wa Uamsho hawakujifanya hivyo. Uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Bukoba hadi Kenya, watu wake waliutambulisha kwa kurudisha vitu. Mtu aliyesema ameokoka alitazamiwa kwenda kwa aliyemwibia akiwa na kitu chenyewe mkononi, na kulipa deni alilolikwepa. Walikuwa na kero zao pia: waliwahukumu wenzao haraka, na toba zao za hadharani zilitaja mambo yaliyowahusu watu wengine ambao hawakuomba kutajwa. Hata hivyo swali lao la kwanza, nani ananidai, lilikuwa swali sahihi. Ndilo la Zakayo. Injili ya Luka haituambii kwamba alikesha akiomba; inatuambia alipiga hesabu, nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu arudishiwe mara nne.

Najua jibu la mnunuzi wa viazi. Akikataa lumbesa peke yake, atafika sokoni akutane na wenzake wenye magunia yaliyovimba waliyoyanunua kwa bei ileile, na msimu huo atakula hasara. Ni kweli. Mhubiri anayemwahidi kwamba uaminifu utamrudishia faida maradufu anamdanganya, na mwenye mkopo wa benki hawezi kulipa rejesho kwa ahadi hiyo. Ndiyo maana sipendi kusikia jambo hili likiachwa liwe siri ya dhamiri ya mtu mmoja. Wanunuzi hawa wanafahamiana. Wengine ni wa usharika mmoja, wanakutana kila wiki kwenye jumuiya, wanasoma neno, wanachangishana harusi na misiba. Wanaweza kukubaliana hapohapo kwamba msimu ujao watanunua kwa mizani, wote, na atakayerudi kwenye lumbesa aulizwe mbele ya wenzake kama anavyoulizwa asiyetoa ahadi ya ujenzi. Mchungaji akiogopa kwamba hao ndio wachangiaji wake wakubwa, basi naye aliweke hilo mezani.