Bastola ya nkambo si pesa ya minerval

Siku ya tatu ya kilio ya baba, kule Likasi, tulifungua sanduku ya bati ya nkambo. Ndani tulikuta karte yake ya kazi ya Union Minière, picha mbili, na kitambaa ya mafuta. Ndani ya kitambaa, bastola.

Toka utoto tulisikia habari yake. Muzungu wa nkambo, mwenye alikuwa mwanajeshi wakati wa vita, aliiacha mikononi mwake Julai 1960, siku wazungu walikimbilia Rhodesia. Na baba aliongeza kila mara: ile njo ilipiga watu tarehe 9 Desemba 1941, kwenye kiwanja cha mupira Elisabethville, siku askari waliwafyatulia wagomaji wa Union Minière na Léonard Mpoyi akauawa. Miye mutu wa sendika, mwili ulinisimama. Mudogo wangu, yeye creuseur, aliona kitu ingine: kitu ya historia sawa hii inalipa minerval ya watoto wote, na nyumba inabakia.

Wote wawili tulidanganyika.

Jirani mumoja, askari wa zamani, alitufukuza kwanza mikono. Alitoa magazini, kisha akavuta juu: sasi moja ikaruka. Watu mingi wanafikiri ukisha kutoa magazini bastola iko tupu. Hapana, moja inaweza kubakia ndani ya mutumbo wake. Na watoto wetu walikuwa wanakalia ile sanduku kwa kuangalia televizyo!

Kisha tukaleta lampe na kusoma. Pembeni: Browning, FN, 9 mm HP, Inglis Canada. Namba ilikuwa na herufi T katikati. Hapo njo hadithi ya baba ilikufa. Bastola ya namna ile ilitoka kwanza Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935. Wadachi walipokamata Ubelgiji mwaka 1940, kiwanda cha Herstal kiliangukia mikononi mwao. Kampuni ya John Inglis, kule Toronto, ilianza kuitengeneza tu mwaka 1944. Zile za kwenda China ziliandikwa CH, zingine T. Kwa hiyo, Desemba 1941, bastola yetu haikukuwa ingali chuma ya kitu. Na watu mingi wa 1941 waliuawa na bunduki za askari wa Force Publique. (Miaka ile ile uranium yetu ya Shinkolobwe ilikuwa inaenda kusafishwa Port Hope, hapo karibu na Toronto. Mawe yetu yalienda Canada, na hii njo ilitufikia.)

Sasa bei. Inglis ilitengeneza zaidi ya 150,000 kwa miaka miwili. Si kitu ya pekee. Mwenye kukusanya silaha za zamani anaangalia kama namba za vipande zinapatana, kama rangi ya kiwanda ingaliko, kama kuko karatasi ya kuonyesha ilikuwa ya nani. Mudogo wangu alikuwa amekwisha kuisugua na papier émeri ili ingae. Rangi ya kiwanda ilienda, na bei nayo. Na utaiuzisha wapi? Canada kwenyewe, toka tarehe 21 Oktoba 2022, watu hawana tena ruhusa ya kuuziana bastola. Hapa kwetu, ordonnance-loi ya 3 Septemba 1985 inaomba kibali kwa kushika silaha. Kibali ni cha mutu, hakirithiwi sawa nyumba.

Lakini mununuzi alipatikana mbio. Alisema dola 2,500. Mudogo wangu alifurahi, miye nikamuuliza: alitaka kujua namba? Hapana. Aliuliza nini? Aliuliza kama ingali inalia, na kama masasi iko.

Bandugu, mutu wa vitu vya zamani haulize vile. Ile pesa haikukuwa bei ya historia. Ilikuwa bei ya usiku mumoja kwenye barabara ya kariere, siku creuseurs wanatoka kulipwa. Pengine mudogo wangu mwenyewe angekuwa ndani ya ile motari.

Tuliita avoka, akatutangulia polisi. Tuliirudisha mbele yake, na tulidai PV yenye namba ya bastola. Ilichukua siku ine, na siku ya kwanza walituuliza sawa vile wezi. Hapo nina neno na serikali. Familia mingi za wafanyakazi ziko na kitu ya namna ile chini ya kitanda, na zinaogopa buloko kuliko zinaogopa bastola. Ndiyo maana inauzishwa usiku. Tunaomba siku zijulikane, mahali pajulikane, mutu alete silaha ya mufu wake na sendika ao padri pembeni, apewe karatasi, arudie nyumbani. Na ile ya kweli ya historia ivunjwe kifaa cha kupigia, iwekwe kwenye muzé ya Lubumbashi, na jina la familia chini.

Mudogo wangu hanisalimie vizuri hata leo. Minerval ya watoto wake tunalipa pamoja, kidogo kidogo.

Mwenye kuwa na kitu sawa hii, akuje kwenye ofisi ya sendika nyuma ya saa kumi. Aiache pale iko, mbali na watoto, akuje mikono tupu. Kwanza tuongee.