Sonny Bill: kuhama sawa, kutoroka hapana

Wadau, mwaka 2007 Sonny Bill Williams alisaini miaka 5 na Bulldogs ya Sydney, raga ya wachezaji 13. Julai 2008, ligi bado inaendelea, jamaa akapanda ndege kimyakimya hadi Toulon, Ufaransa, kucheza ile ya wachezaji 15. Klabu hakuiaga! Mashabiki wakagawanyika: hawa msaliti, wale mwacheni atafute maslahi.

Mimi nasema kuhama si kosa. Ligi ya Australia ina kikomo cha mishahara, Ufaransa wakati ule hawakuwa nacho. Na klabu zenyewe zinawatema wachezaji kabla mkataba haujaisha, mbona hatuziiti saliti?

Ila mkataba unavunjwa mezani, mkilipana. Yeye aliondoka kwanza, kesi ikafuata, ndipo Bulldogs wakalipwa kama dola 750,000 za Australia. Timu ilimaliza msimu ule mkiani. Sisemi ni kwa sababu yake tu, lakini katikati ya msimu utampata wapi mtu kama yule?

Mwaka 2013 alirudi kwenye ligi hiyohiyo, akabeba ubingwa na Roosters. Shabiki wa Bulldogs aliyenunua jezi yake alilipwa na nani? Wadau mnasemaje?