Staa Kapata Kiharusi, Nyie Mnamdai Shoo!

Jamani, ile klipu ya staa wa Bongo Fleva anayeongea kwa kuvuta maneno mmeisambaza mkidai kalewa. Kalewa wapi! Jamaa alipata kiharusi. Kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi mkono na mguu wa kulia ndiyo hulegea, na maneno yanaweza kugoma kutoka wakati akili iko timamu kabisa. Mnavyomcheka anawasikia vizuri tu.

Saa hizi anajifunza upya kushika kijiko, kufunga vifungo vya shati, kutamka jina la mwanae. Mazoezi kila siku, na hela inatoka. Mapromota waliokula naye? Simu hawapokei! Halafu shabiki anauliza ngoma mpya lini. Kwanza aweze kumuita mtoto wake, ngoma baadaye.