Kurudi Shambani Ukerewe: Samadi, Soko na Ardhi ya Jirani

Katika miaka ya hivi karibuni tumesikia mara nyingi, katika jumuiya ndogo ndogo na hata barazani baada ya Misa, habari za waamini wanaofikiria kuacha kazi na makazi ya Mwanza au Dar es Salaam, wavuke maji hadi Nansio, na kuanzisha shamba dogo la kilimo hai: ekari mbili au tatu, bila mbolea ya chumvichumvi wala viuatilifu vya viwandani. Wengine wamechoka na kodi ya nyumba na foleni. Wengine wamepokea mafao yao na wanaona ni heri fedha hiyo iingie udongoni kuliko kuyeyuka mjini. Wapo pia wanaosukumwa na Waraka wa Kitume «Laudato si» wa mwaka 2015, ambamo hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwaalika watu wote kuitunza dunia kama nyumba ya pamoja.

Hamu hiyo ni njema, nasi hatuandiki kuizima. Tena ina upya wake katika historia ya nchi yetu. Wenye umri mkubwa kati yetu wanakumbuka kwamba kurudi shambani kuliwahi kuwa amri. Mwaka 1983, chini ya sheria ya Nguvukazi, watu walioonekana hawana kazi mijini walikamatwa na kusafirishwa vijijini wakalime. Jembe likawa kama adhabu, na sehemu ya dharau ambayo vijana wetu wanayo juu ya kilimo ina mizizi huko. Leo mtu anapolichukua jembe kwa hiari yake, baada ya kusoma na kuajiriwa, kuna jambo linaponywa.

Hata hivyo, anayeshuka gatini Nansio akiwa na kitabu cha kilimo hai mkononi anapaswa kujua kwamba hakuja na habari mpya. Ng'ambo ya maji kidogo tu, katika kisiwa cha Ukara, kilimo cha namna hiyo kilifanyika kwa vizazi vingi kabla mtu yeyote hajakipa jina. Wakara walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika sehemu iliyochimbwa chini, wakawaletea majani na matawi ya miti, kwa kuwa malisho ya wazi yalikuwa machache. Samadi iliyochanganyika na matandiko ya mifugo ilipelekwa shambani kichwani, kikapu kwa kikapu. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, kisha wakaufukia ardhini ili urutubishe udongo. Walijenga kingo za mawe ili mvua isichukue udongo, na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Udongo wenyewe ni wa kichanga, uliotokana na miamba ile mikubwa tunayoifahamu sote, nao haukuwa na rutuba ya kujivunia. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa kilimo kutoka Ujerumani walikwenda Ukara kujifunza, wakaandika kwa mshangao juu ya ardhi iliyolimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa na bila kuchoka. Naye mzee wetu Aniceti Kitereza wa Kagunguli, katika riwaya yake aliyoimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe na ambayo ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1981, aliona kazi za shamba na mifugo zinastahili kuelezwa kwa undani uleule wa mambo ya ndoa na uzazi.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari ya Ukara, nayo husimuliwa mara chache. Wakara wengi walihama, wakaenda Ukerewe na bara, ambako ardhi ilikuwa tele. Walipofika huko, sehemu kubwa ya ule utaalamu waliuacha. Hawakuusahau, wala hawakuwa wavivu. Waliuacha kwa sababu palipo na ardhi ya kutosha hakuna anayebeba vikapu vya samadi kila siku kwa hiari yake. Kilimo kile kilikuwa zao la ufinyu wa ardhi na wingi wa mikono. Tunaona hapa ndipo anayetoka mjini anapaswa kutulia na kupiga hesabu.

Tuchukue kiasi cha wastani tu, tani 4 za samadi kwa ekari moja. Ndoo ya lita 20 hubeba takribani kilo 15. Hizo ni zaidi ya safari 260 kwa ekari moja, kabla ya kupalilia na kabla ya kutafuta majani ya ng'ombe. Samadi yenyewe haifai ikiwa mbichi, kwa sababu huunguza mimea na kuleta mbegu za magugu. Ni lazima ioze kwanza. Udongo uliozoea mbolea ya dukani hauponi kwa msimu mmoja. Mihogo nayo ina batobato na michirizi ya kahawia, na tangu mwaka 2017 mahindi ya nchi yetu yanaliwa na kiwavijeshi vamizi. Asiyetaka dawa atalazimika kuzunguka shamba lake kila asubuhi na kuokota wadudu kwa mkono. Mtumishi aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi anahitaji akiba ya kula kwa misimu miwili au mitatu, na mwenzi wa ndoa aliyekubali kwa moyo mweupe, si aliyepewa taarifa.

Kuhusu soko tutasema machache. Katika soko la Nansio chungwa lisilopuliziwa dawa huuzwa bei ileile ya chungwa jingine. Alama ya Kilimohai ipo nchini, na vikundi vya wakulima vinaweza kukaguana vyenyewe ili kupata uthibitisho kwa gharama nafuu, lakini mkulima wa pekee hafiki mbali. Serikali nayo ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo hai mwezi Novemba 2023. Wanunuzi walio tayari kulipa zaidi wako Mwanza na mbali zaidi, maana yake mazao yavuke ziwa, na kuvuka ziwa si neno jepesi kwetu. Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugorora, MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha, wengi wao wakirudi nyumbani na mizigo yao ya sokoni.

Jambo linalotusumbua zaidi ni ardhi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 345,000 katika wilaya ya Ukerewe, na nchi kavu yake ni takribani kilometa za mraba 640 tu. Ni zaidi ya watu 500 kwa kila kilometa ya mraba, nao wengi wanaishi kwa jembe na nyavu. Hakuna pori linalomsubiri mgeni. Ekari anayoonyeshwa na dalali ina mtu aliyezaliwa juu yake. Mara nyingi huuzwa mwezi Januari, karo zinapodaiwa, au mgonjwa anapopelekwa Bugando na ndugu hawana kitu. Bei huwa ndogo, na mnunuzi hufurahi. Habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, huwa tunaisoma kama kisa cha mfalme mkatili. Lakini Ahabu alianza kwa kutoa bei nzuri, na alichotaka kilikuwa bustani ya mboga.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na inakataa mila zinazomnyima mwanamke haki yake. Kwa hiyo karatasi iliyosainiwa na shemeji wa mjane, usiku, mbele ya mashahidi wawili, haitoshi, hata kama muuzaji na mnunuzi wote ni waamini wetu. Vilevile Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ufukweni, na hapo ndipo wengi hutamani kuweka pampu na matuta ya nyanya.

Kwa wanaotuuliza, tumekuwa tukishauri wakodi kwanza kwa misimu miwili, kwa mkataba ulio wazi mbele ya halmashauri ya kijiji, na wafanye kazi pamoja na wenye shamba. Mwenye shamba hubaki na ardhi yake, hupata kodi wakati wa karo, na mara nyingi ndiye anayejua marejea hupandwa lini. Katika jumuiya zetu za Ukerewe na Ukara bado wapo wazee waliobeba vile vikapu, na ni wachache sana waliowahi kuombwa na kijana wa mjini wamweleze.